Mgonjwa wa Akili Si Mshukiwa

Lugha yetu ina maneno kadha ya kutaja kitendo cha kutafuta kitu kilichofichwa. Tunakagua, tunasaka, tunapekua na, hapa Kenya, tunasachi. Kupekua asili yake ni kazi ya kuku anayechakura ardhi. Kusachi tuliliazima kutoka Kiingereza, na halihitaji ufafanuzi kwa Mkenya yeyote aliyewahi kuteremshwa kwenye matatu usiku akaamrishwa kuinua mikono.

Ni neno hilo la mwisho nililolisikia miaka michache iliyopita mlangoni mwa wodi ya wagonjwa wa akili, nilipompeleka mpwa wangu kulazwa. "Msachini kwanza," alisema bwana mmoja aliyening'iniza funguo kiunoni. Mpwa wangu alikuwa hajalala kwa siku 4, akiamini kwamba makachero wanamfuata. Alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Kwake, neno lile lilikuwa ithibati. Hata mjomba wake alikuwa ameshirikiana nao!

Sipingi upekuzi wenyewe. Wodi ya namna hiyo huwapokea watu walio katika saa yao mbaya kabisa, na baadhi yao wamekusudia kujidhuru. Kwa hiyo msomaji anayempeleka jamaa yake asishangae wembe, mkasi, kiberiti, chupa ya glasi, mshipi, kamba za viatu na hata waya wa kuchajia simu vikichukuliwa. Dawa alizotoka nazo nyumbani, zikiwamo za mitishamba, huchukuliwa pia ili zisigongane na zile atakazopewa na daktari. Huenda akatakiwa avue nguo na kuvaa sare ya hospitali, na mwili wake ukatazamwa kama una majeraha. Akirudi kutoka likizo fupi ya nyumbani, atapekuliwa tena, na kikapu cha mgeni anayemletea chakula hakitasalimika.

Ninachopinga ni kuyafanya haya kwa ulimi na mikono ya askari. Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilimchanganya mgonjwa na mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza mnamo Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Katiba hiyo ya 2010, katika kifungu cha 28, inamhakikishia kila mtu heshima ya utu wake, na kifungu cha 31 kinamlinda dhidi ya kupekuliwa mwili na kunyang'anywa mali yake. Haki hii ya pili yaweza kuwekewa mipaka na sheria, naam, lakini mipaka yenyewe sharti iwe ya kiasi na yenye sababu. Sioni sababu ya kumvua mtu nguo ukumbini, mbele ya wapitao. Wala sioni sababu ya mwanamke kupapaswa na mwanamume, au ya saa ya mtu kutiwa mfukoni na mhudumu bila kuandikwa popote.

Kuna watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na adabu huchukua muda. Sentensi mbili huchukua muda gani?

Mpwa wangu alipotoka mara ile aliapa kutorudi hospitalini, akaacha dawa, na baada ya miezi 7 tukawa mlangoni tena, safari hii kwingine. Alitupokea muuguzi mmoja wa makamo. Alituingiza chumbani, akafunga mlango, akamwita muuguzi wa kiume. "Mwanangu," alimwambia, "tunatazama vitu vya kila anayeingia hapa, si wewe peke yako. Vyako tutaviandika, nawe utatia sahihi." Kijana alitetemeka, lakini alifungua mshipi kwa mikono yake mwenyewe.

Majuma 3 baadaye alipewa bahasha yake. Mlikuwamo mshipi, saa, simu na shilingi 650. Alizihesabu fedha zile polepole, noti kwa noti, mbele yetu sote, kisha akauliza tarehe ya kurudi kliniki.