Uongo Wanaoambiwa Wanagenzi wa Busia na Malaba

Kila mwaka vijana hushuka Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakiwa na mabegi mgongoni. Kuna waliotoka Marekani na Ulaya, kuna waliotoka Nyeri, Nairobi na Mombasa. Wametumwa na shirika fulani kujitolea shuleni, zahanati au katika kikundi cha wakulima, na miezi ya mwanzo huitwa wanagenzi. Kabla hawajafika wameshajazwa maneno na maafisa wa mashirika, na binamu wa Nairobi, na hata sisi wenyeji ambao hupenda kumtisha mgeni tukinywa chai. Nimeyasikia hadi nayajua kwa mpangilio wake. Machache yana ukweli, mengi hayana, na yaliyo magumu hasa katika kuishi huku hayatajwi kabisa.

La kwanza: "Hapo ni mahali pa kupita tu."

Hili husemwa na watu walioiona Malaba kupitia dirisha la basi la Kampala, saa kumi alfajiri, wakiwa na usingizi. Malori hupita, sawa. Barabara kuu kutoka Mombasa inaingia Uganda pale, na reli ya zamani vilevile. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona, foleni ya malori ilirefuka makumi ya kilomita. Lakini dereva aliyekwama siku tatu anahitaji kula, kuoga, kulala, kuchaji simu na kushonewa kiatu, na kila mojawapo ya hizo ni kazi ya mtu aliyezaliwa hapo na anayesomesha watoto kwa hela hiyo. Hata biashara ya bodaboda ilianzia mpaka huu, enzi za baiskeli, kabla pikipiki hazijaenea Afrika Mashariki nzima.

Halafu toka barabarani kidogo tu uone. Ukishaipa Malaba mgongo unaingia mashamba ya Wateso: mihogo, mtama, wimbi, njugu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika Kaunti ya Busia, na hao hawakuwa wasafiri. Mwanagenzi mwenyewe mara nyingi hapangiwi mjini. Atapelekwa Nambale, Butula, Amagoro au Budalang'i, na habari za foleni ya malori atazisikia redioni kama mtu wa Machakos.

"Ukishika Kiswahili cha darasani, umemaliza."

Kiswahili kitakufikisha sokoni, kanisani na kwa chifu. Jikoni hakifiki, wala matangani. Mama anayeuza nyanya Busia atapatana nawe bei kwa Kiswahili, amkaripie mwanawe kwa Kikhayo, kisha ainue simu azungumze Kiganda na mwenzake wa ng'ambo, yote hayo kabla hajakurudishia chenji. Ukienda Teso Kaskazini, msaada wa ngeli unakwisha kabisa, maana Kiteso si lugha ya Kibantu. Ndugu zake ni Kiturkana na Kikaramojong. Hata kijana wa Mombasa hujikuta mgeni. Kiswahili chake kinaheshimiwa, ila watoto hucheka na kusema anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Ajifunze salamu mapema, "yoga" kwa Wateso na "mulembe" kwa Waluhya, na asikisie kabila la mtu kwa kumtazama uso.

Dai linalofuata halihitaji maneno mengi: "Huko hakuna kitu, beba kila kitu." Busia ina supamaketi, ina maduka ya dawa, na soko lake lina bidhaa za nchi mbili. M-Pesa ipo tangu 2007, na wakala utampata hata kwenye kibanda cha mandazi. Nimewaona vijana wakifungua masanduku yenye tochi nne na sabuni ya kutosha mwaka mzima, ilhali mwenye duka wa pale jirani anauza zote mbili.

Kinachokosekana ni faragha, na hilo hawaambiwi. Mlango uliofungwa mchana huzua maswali: anaumwa? Amefiwa? Anatudharau? Watoto watachungulia dirishani ukisoma kitabu, tena bila ubaya wowote, kwa sababu mtu anayekaa peke yake kwa hiari ni kitu cha kutazamwa. Ukinunua nusu kilo ya nyama jioni, asubuhi mtu wa pili kukusalimia atakuuliza ilipikika vipi. Vijana waliozoea chumba chenye kufuli huchoshwa na hili kuliko jua au choo cha shimo. Choo cha shimo mtu hukizoea kwa wiki moja.

"Chakula na maji vitakuua."

Chakula hakitakuua. Ugali wa mtama na muhogo ni mweusi, unanata, na ukiuzoea ule mweupe wa unga wa dukani utauona hauna ladha. Omena ina macho, basi, kula. Mrenda utateleza kabla hujajua umemeza. Mzee wa Kiteso akikukaribisha kwenye mtungi wa ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, kukaa naye ni heshima tosha; huna lazima ya kunywa, na ukikataa kwa adabu hakuna atakayenuna.

Maji ni hoja ya kweli, ila Busia ni mahali pabaya pa kuitolea. Katika vijiji vingi vya kaunti hii utakuta kisanduku cha buluu juu ya nguzo, hatua chache kutoka chemchemi. Unaweka mtungi wako wa lita 20 chini ya mdomo wake, unazungusha kitasa mara moja, klorini inadondoka kwa kipimo, ndipo unachota. Mpaka ufike nyumbani na kutua mzigo, dawa imeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Anayekijaza kisanduku hicho ni mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake, na halipwi mshahara.

Cha kuogopa ni malaria. Ukanda wote wa Ziwa Victoria unaugua mwaka mzima, na ndiyo maana Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizoteuliwa kwa majaribio ya chanjo ya watoto yaliyoanza Kenya Septemba 2019. Ajabu ni kwamba kijana huchemsha maji mara mbili kisha analala bila chandarua kwa sababu ya joto. Ukipata homa, kapime siku hiyohiyo.

"Kila anayekusalimia anataka pesa zako." Nusu ya hili ni kweli, na sitaificha. Utaombwa. Mashirika yenyewe yamechangia, kwa miaka mingi ya kugawa posho na nauli kila kunapoitishwa kikao, hadi leo mtu anauliza kuhusu nauli kabla ya kuuliza ajenda. Lakini wanaosema hivi hawajui kwamba huku kila mtu huombwa. Mwalimu huombwa, mwenye duka huombwa, kijana aliye Nairobi hupigiwa simu hadi akaizima. Kuna mchango wa maziko, wa karo, wa mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini kwa deni. Mwanagenzi anayeletewa kadi ya mchango ameingizwa katika hesabu ya majirani. Atoe kidogo, atoe kupitia kamati, jina lake lisomwe pamoja na ya wengine. Anayetoa kubwa kwa siri, usiku, kwa mtu mmoja mwenye hadithi ya kuhuzunisha, huyo ndiye atakayesumbuliwa hadi mwisho wa muda wake, na wala asimlaumu mtu.

Sasa lile ambalo sisi wenyeji ndio tunalieneza, na ambalo lina madhara kuliko yote: "Mpaka ni mstari tu, hata watoto wanavuka."

Kwa mwenyeji, ni kweli. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, na ndugu wa damu wamekaa pande zote. Mama anayeleta mayai kutoka Uganda huvuka na kitambulisho. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 hujaziwa cheti rahisi cha asili na kupita bila ushuru wa forodha. Tangu Februari 2018, marais Kenyatta na Museveni walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, msafiri hugongewa kutoka na kuingia katika jengo moja, lile la upande anakokwenda. Mambo yamerahisishwa kweli.

Lakini mwanagenzi mwenye pasipoti ya Ujerumani si mama wa mayai. Akimfuata mwenyeji wake kupitia njia ya panya, nyuma ya nyumba za watu, kwenda kununua sukari, ameingia nchi nyingine bila mhuri. Siku akikutana na afisa, mwenyeji wake ataonyesha kitambulisho na kwenda zake, yeye abaki akijieleza. Wa Nyeri naye asijidanganye: kitambulisho kinamvusha, ila kupitia kituoni.

Na mstari huo hubadilika kuwa ukuta bila kupiga hodi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na watu waliolala wakiwa wafanyabiashara wakaamka mizigo yao haina pa kwenda. Kijana aliyekuja kusaidia kikundi cha akina mama wachuuzi, akiwa ameaminishwa kwamba mpaka haupo, atashindwaje kuwapa ushauri mbovu?

Niongeze mawili madogo hapa. Simu yako itadakia mtandao wa Uganda ukiwa bado umekaa Kenya, kwa hiyo izuie isitumie intaneti ya huko. Na kwa wale wanaobadilisha fedha kando ya barabara, wenye mabunda mkononi: shilingi moja ya Kenya hukupa zaidi ya ishirini za Uganda, sifuri zinaongezeka, kichwa kinachanganyikiwa. Hesabu ukiwa bado umesimama mbele yake.

La mwisho ndilo mama wa yote: "Umekuja kuwafundisha."

Hapa Busia ina ushahidi wake, tena wa kufikisha watu Stockholm. Mwaka 1985 kijana Mmarekani aliyetoka kuhitimu Harvard, Michael Kremer, alikuja Kenya akafundisha mwaka mmoja huko Kakamega. Miaka ya tisini alirudi akiwa mwanauchumi, akakuta shirika la Kiholanzi la ICS linajiandaa kusaidia shule za Busia. Akashauri shule zitakazoanza kusaidiwa zichaguliwe kwa kura, ili zilinganishwe na zinazosubiri. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 za Busia na Teso zikapewa vitabu vya kiada. Nani angepinga vitabu? Matokeo yalipotoka, alama kwa wastani hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na watoto wa kawaida hawakuweza kuvisoma wakaelewa. Naamini mwalimu yeyote wa darasa la nne pale Butula angewadokezea hilo bure, kama angeulizwa.

Kuanzia 1998 wakajaribu kitu ambacho hakuna aliyekipa uzito, dawa ya minyoo, katika shule 75 za Budalang'i na Funyula. Utoro ukapungua kwa robo hivi. Watafiti wa London walipochambua upya takwimu hizo mwaka 2015 ulizuka ubishi mkali, na wataalamu wangali wanavutana juu ya ukubwa wa faida yake. Hata hivyo, mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Nobel ya uchumi kwa mtindo huo wa kujaribu kwanza. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita tangu afundishe Kakamega. Mwanagenzi wa miezi sita anayetaka kuacha alama ajipigie hesabu.

Na kazi ya kujitolea haikuletwa na ndege. Septemba 2023 serikali ilikabidhi mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote na kuwaahidi posho ya kila mwezi, lakini wengi wao walikuwa wametembea nyumba kwa nyumba kwa miaka bila senti. Busia wapo. Wanajua ni mtoto gani amekosa chanjo, na ni nyumba ipi chandarua kimegeuzwa uzio wa kuku. Mwanagenzi wa afya akiwafuata nyuma kwa mwezi mmoja, akibeba mkoba na kunyamaza, atakuwa amesoma kuliko semina zote.

Tatizo ni kwamba hatumwachii. Methali ya mgeni na jembe tunaijua sote, ila mgeni wa shirika siku ya tatu hapewi jembe, wala ya thelathini. Anapewa kiti cha plastiki kivulini na soda, na akikosea tunamsifu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mama na baba mtakaompokea. Mpeni jembe, na akipalilia vibaya mwambieni palepale. Apike, aungue kidole, achote maji pamoja na wasichana wa boma. Hela ambayo shirika linawalipa kwa malazi ijadiliwe waziwazi naye akiwepo, isije ikageuka chuki ya chinichini. Akifunga mlango saa nane mchana, mwacheni alale. Na siku ile ya kwanza, kabla ya soda, mwonyesheni njia ya kituo cha afya na nyumba ya mzee wa kijiji.