MAJIVU KATIKA PAJI LA JIRANI



Baadhi ya wazazi wa hapa Guangzhou wametuuliza wawajibu nini watoto wao juu ya jirani wa Kihindi mwenye mistari mitatu ya majivu katika paji la uso. Swali hilo ni jema. Ubaya ni kulijibu kwa kicheko. Kwetu pwani twasema "Baniani mbaya, kiatu chake dawa": kiatu twakijua, mwenye kiatu hatumuulizi anaamini nini.

Mistari hiyo ni alama ya wafuasi wa Shiva, wanaomwita Mola Mkuu. Madhehebu ya Watamil yaitwayo Shaiva Siddhanta hufundisha mambo matatu: Mola, roho, na kamba ziifungazo roho. Roho huzaliwa tena na tena katika miili mbalimbali mpaka neema ya Mola iifungue. Majivu humkumbusha mja kwamba mwili huu utakwisha. Jina la Shiva hutajwa kwa dhikri ya silabi tano, na hesabu yake huwekwa kwa shanga 108 za mbegu za mti wa rudraksha. Katika mandiri huwekwa jiwe liitwalo linga, maana yake "alama", nalo humiminiwa maji na maziwa na kuwekewa majani ya mti wa bilva. Usiku wa Mahashivaratri, mwezi wa Februari au Machi, hufunga na kukesha.

Wala watu hawa si wageni wa jana katika nchi hii. Mtawa wa Kibudha Jianzhen, aliyepita hapa Guangzhou katika karne ya 8, alikuta mahekalu matatu ya Mabrahmani, zama zile Waarabu nao wakiuita mji huu Khanfu. Katika jimbo jirani la Fujian, mjini Quanzhou, limepatikana jiwe lenye maandishi ya Kitamil ya mwaka 1281, yasemayo kwamba sanamu ya Shiva iliwekwa hapo kumwombea heri Khan wa Kimongolia. Mji huohuo una msikiti ulioanzishwa mwaka 1009. Wafanyabiashara wa dini hizo mbili walitumia bandari moja.

Je, kuyajua haya kwaidhuru imani ya mtoto? Hatuoni hivyo. Sisi hatuabudu ila Allah, wala hatumfananishi na kitu. Hilo mtoto aambiwe wazi, bila kumung'unya maneno. Lakini Qur'ani, katika Sura ya Al-An'am aya ya 108, imetukataza kuvitukana wanavyoviomba wengine, wasije nao wakamtukana Allah kwa ujinga. Naye mwanachuoni Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kizima kueleza imani za Wahindi kama wazisemavyo wenyewe. Uislamu wake haukupungua.

Mtoto aliyenyamazishwa nyumbani atafundishwa dhihaka na wenziwe shuleni, na mwenye kudhihaki leo majivu ya jirani kesho hatakuwa na la kusema itakapodhihakiwa hijabu ya dada yake. Basi tuwaambie ukweli kwa upole: huyu anaamini hivi, sisi twaamini hivi, na haki ya ujirani iko palepale.

Wabillahi tawfiq.