Saa Iendayo Ikarudi

Kijana mmoja wa Lamu, baharia aliyekaa London miaka mitatu, aliporudi kwao alimkuta mjomba wake ameketi barazani Mkomani. Baada ya maamkio, mzee akataka habari za ajabu za huko.

"Mjomba, Waingereza huiamuru saa. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, itimupo saa saba, huisogeza mbele ikawa saa nane. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, itimupo saa nane, huirudisha saa saba."

"Imewakosea nini?"

"Palikuwa na mjenzi wa nyumba, William Willett. Alikuwa akipanda farasi asubuhi za kiangazi, akaona jua limepanda na watu wangali wamefunga madirisha, wamelala. Mwaka 1907 akatoa kijitabu kulalamika kwamba mwanga unapotea bure. Alifariki 1915. Mwaka uliofuata, katika vita, serikali ikatunga sheria ya kuisogeza saa, makaa ya mawe yasitumike ovyo."

Mzee akacheka hata kofia ikamwanguka. "Badala ya kumwamsha aliyelala, wakaidanganya saa! Haya, mwanamke akijifungua pacha usiku huo wa Oktoba, wa kwanza saa nane kasorobo, wa pili dakika ishirini baadaye, cheti cha wa pili kitasemaje?"

"Saa saba na dakika tano. Na huko, mjomba, saa ya kuzaliwa huandikwa chetini kwa mapacha tu."

"Basi Doto kamzidi Kurwa umri! Na Waingereza walikuwa wakitwambia saa yetu imekwenda kombo kwa sita. Kombo kwa sita, lakini haijaondoka mahali pake."

Kijana akasema, "Usiwacheke sana. Hapa jua huchomoza kiasi cha saa kumi na mbili mwaka mzima. London, mwezi wa Desemba, hungojewa hata saa mbili, na kabla ya saa kumi limekwisha kuchwa. Mwezi wa Juni saa tatu za usiku hupita na lingali juu."

Mzee akanyamaza kidogo, akaiokota kofia yake. "Maji ya kifuu bahari ya chungu. Kumbe si wapumbavu, ni maskini wa jua. Nasi tuliopewa jingi, tunalikimbia kivulini!"