Bessie Coleman, mtoto wa pamba aliyeruka na ndege



Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kunieleza kwamba binti yake wa mwaka wa tano atabaki nyumbani kwanza, alinde mtoto mchanga wakati yeye anaenda sokoni. Sikumgombeza, maana najua bei ya unga. Nilimwomba aketi, nikamsimulia habari ya Bessie Coleman.

Bessie alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 huko Texas, Marekani, mtoto wa kumi kati ya kumi na watatu. Wazazi wake walikuwa Weusi, watu wa mashamba ya pamba. Mwaka 1901 baba aliondoka akaenda Oklahoma. Mama Susan akabaki na watoto. Susan alipata kazi katika nyumba ya Wazungu, na Bessie akalinda wadogo zake. (Mnaona kwa nini niliichagua habari hii.) Shule ilikuwa chumba kimoja, mwendo wa kilometa sita hivi kwa miguu, na wakati wa kuvuna pamba masomo yalisimama. Hata hivyo mtoto alishika hesabu vizuri sana.

Alipokuwa mkubwa alifua nguo za watu ili apate feza za shule ya juu kule Langston. Zilitosha muhula mmoja tu, akarudi kufua. Mwaka 1915 akaenda Chicago kwa kaka zake, akatengeneza kucha za wanaume katika duka la kinyozi. Kaka yake John, aliyerudi kutoka vita Ufaransa, alimchekelea kwamba wanawake wa kule wanaendesha ndege, nyinyi je? Kicheko kile kilimwingia moyoni.

Shule za urubani za Marekani zilimkataa, kwa kuwa Mweusi na kwa kuwa mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Basi Bessie akaanza kujifunza Kifaransa, lugha ileile inayowatesa watoto wetu darasani, huku akiendelea na kazi yake. Novemba 1920 akapanda meli. Katika shule ya ndugu Caudron, kule Le Crotoy, aliona mwanafunzi mwenzake akifa kwa ajali, lakini hakuacha. Tarehe 15 Juni 1921 akapata breve ya rubani, mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata.

Kwao alikuwa akifanya maonyesho ya ndege. Mwaka 1923 alianguka, akavunjika mguu. Alipopona akarudi angani. Kule Waxahachie, mji aliokulia, walitaka Weusi waingie kwa mlango wao na Wazungu kwa wao. Akasema bila mlango mmoja haruki. Wakakubali, ingawa ndani watu walikaa mbalimbali. Mimi jambo hili linanigusa kuliko breve yenyewe.

Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, fundi wake ndiye aliyeshika usukani. Bessie hakufunga mkanda, apate kuinama kuangalia mahali pa kuruka kwa parashuti kesho yake. Ufunguo wa fundi uliosahauliwa ulikwama ndani ya mitambo, ndege ikapinduka, naye akaanguka. Alikuwa na miaka 34. Shule ya urubani aliyoitamani kwa ajili ya Weusi hakuiona. Ni mwaka 1929 William Powell alipoanzisha Los Angeles chama chenye jina lake, watu wakajifunza kuruka. Na mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika anga za juu, alibeba picha ya Bessie.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akaaga bila kusema kitu. Kesho yake binti alifika amechelewa, mdogo wake mgongoni. Nilimpa nafasi karibu na mlango, ili mtoto akilia atoke naye kidogo, kisha arudi.