Dhiki Si Dalili ya Imani Ndogo

Wasee, tuache kudanganyana. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, mhubiri mmoja aliniambia imani yangu ni ndogo, nipande mbegu. Nikatuma elfu mbili, pesa ya mama ya kuuza sukuma hapa Mutuini. Chuo sikurudi.

Sasa nijibuni: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda naye alikuwa na imani ndogo? Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin wakipinga mauaji. Februari 16 akauawa. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Angenyamaza, pengine angeishi.

Mama bado anaamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti, na bado anaomba. Mbegu nyingine hatutumi. Uaminifu hauuzwi kwa simu.