Watu Elfu Moja wa Sokoni Si Mkoa wa Kagera

Kuna imani iliyoota mizizi vyuoni, kwenye mashirika na katika ofisi za halmashauri: kwamba utafiti wa kuaminika ni ule uliohoji watu wengi. Ripoti ikisomwa kikaoni, swali la kwanza huwa "Mmehoji wangapi?" Jibu likiwa "elfu moja", wajumbe huridhika na ajenda inasonga mbele. Ni nadra mtu kuuliza hao elfu moja walipatikanaje. Imani hiyo ni potofu, na mkoa wa Kagera una ushahidi wa kutosha wa kuizika.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Hofu ikaenea, na kila mtu akawa na makadirio yake. Njia rahisi ya kujua ukubwa wa tatizo ingekuwa kupima watu waliokwisha kufika hospitalini, au kuanzia na kuishia mjini Bukoba, ambako barabara ni nzuri na watu ni wengi. Mwaka 1987, Japhet Killewo na watafiti wenzake walikataa urahisi huo. Waliugawa mkoa katika kanda nne, moja ya mjini na tatu za vijijini, kisha wakateua maeneo na watu kwa bahati nasibu, hatua kwa hatua. Walipima watu wazima 2,475.

Matokeo yalionyesha kwa nini jasho hilo lilikuwa na maana. Katika mji wa Bukoba, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10.0, Karagwe asilimia 4.5, na Ngara na Biharamulo asilimia 0.4 tu. Kwa mkoa mzima, asilimia 9.6.

Sasa tuseme watu wote 2,475 wangechukuliwa mjini. Ripoti ingetangaza kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kagera wameambukizwa, yaani mara mbili na nusu ya hali halisi. Je, wangepimwa watu 20,000 wa mjini? Kosa lingebaki palepale, ila sasa lingesemwa kwa kujiamini zaidi. Hapo ndipo ulipo ubaya wa imani ya wingi: idadi hupunguza makosa yanayotokana na bahati tu. Upendeleo wa njia ya kuteua watu haupungui hata chembe kwa kuongeza madodoso.

Mnunuzi wa kahawa analijua hili bila kufundishwa takwimu. Hachoti kilo tano za juu ya gunia na kuridhika. Anachoma bambo juu, katikati na chini, kwa sababu cha juu ndicho muuzaji anachotaka kionekane.

Vyuoni hali inasikitisha. Wanafunzi wengi hufundishwa kanuni ya Taro Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, wanaingiza idadi ya wakazi na kiwango cha makosa cha asilimia 5, wanapata jibu. Kwa mkoa wa Kagera, uliokuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya 2022, jibu ni 400. Kwa watu 10,000, jibu ni 385. Hesabu yenyewe haina tatizo, lakini inadai sharti moja: kila mtu awe na nafasi sawa ya kuteuliwa. Mwanafunzi akishapata 400 yake, anakwenda stendi ya Bukoba kusimamisha wapita njia mpaka madodoso yaishe, kisha anaandika kwamba alitumia sampuli nasibu. Hakuna unasibu hapo. Aliyechagua ni ratiba ya mabasi, na uso wa mtu aliyeonekana mkarimu.

Stendi ina watu wake. Bibi anayepalilia migomba kwenye kibanja chake Kamachumu hayumo. Mgonjwa asiyetoka kitandani hayumo. Muleba ina visiwa vinavyokaliwa, Bumbire na Goziba miongoni mwao, na mvuvi wa huko hafiki kirahisi. Hata anayefunga safari kumfuata lazima ajue kalenda yake: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mhojaji anayefika mchana wa siku hizo atawakuta wavuvi wamelala na atahoji wenye maduka. Baadaye ataandika "maoni ya wavuvi".

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuchukua orodha moja na kuchomoa majina kwa bahati nasibu kila mara. Nao wanakosea, kwa kuwa njia hufuata swali. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitaka kujua vifo vya watu wazima vinaziathiri vipi kaya za Kagera. Pamoja na misiba yote ya miaka ile, kaya zilizofiwa mtu mzima ndani ya mwaka mmoja zilikuwa chini ya moja kati ya kumi. Kura ya kawaida ya kaya 800 ingeleta pungufu ya 80 za aina hiyo. Basi waliteua maeneo 51, wakaorodhesha kaya zaidi ya 29,000, wakazitenga zenye ugonjwa au msiba na zisizo nao, kisha wakapiga kura katika kila kundi: kaya 14 za kundi la kwanza na 2 za kundi la pili kwa kila eneo. Kwa kuwa uwezekano wa kila kaya kuteuliwa ulijulikana, uzito wake ungeweza kurekebishwa wakati wa kukokotoa.

Mwaka 2004 wahojaji waliwatafuta watu walewale, wakiwamo waliohamia mikoa mingine na Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipochambua takwimu hizo, waligundua kwamba ukuaji wa matumizi ya waliohama uliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Wangehojiwa waliobaki vijijini peke yao, maendeleo ya watu wa Kagera yangeonekana madogo kuliko yalivyokuwa.

Watetezi wa stendi hujibu kwamba fedha hazitoshi. Lakini wanaokosa fedha za kufika Goziba hupata za kuchapa madodoso elfu moja. Afadhali wahoji watu 200 walioteuliwa kwa kura katika vitongoji vichache, kutoka daftari la wakazi lililohakikiwa na mwenyekiti wa kitongoji, na warudi mara ya pili na ya tatu kwa asiyekuwepo. Makadirio yatakuwa na upana mkubwa zaidi, na upana huo utaandikwa wazi. Msimamizi wa tasnifu na diwani anayepokea ripoti waanze na maswali mengine: orodha ilitoka wapi, nani hakuwa na nafasi ya kuteuliwa, wangapi walikataa au hawakupatikana. Ripoti isiyoweza kujibu hayo irudishwe kwa mwandishi wake kabla haijatumika kupanga bajeti ya zahanati au kisima.