Treni Imbebe Msafiri Pamoja na Baiskeli Yake



Wengi wetu tukisikia neno haki hufikiria mahakama, mashamba yaliyoporwa na mirathi ya wajane. Si makosa kufikiri hivyo, maana mambo hayo ni mazito. Hata hivyo, haki hupimwa pia katika mambo yanayodhaniwa kuwa madogo: nani anapita mlango wa stesheni na chombo chake cha kazi, nani anarudishwa, na kwa kanuni ipi. Ndiyo sababu twapenda kuzungumzia jambo ambalo halijadiliwi sana katika mikutano yetu, nalo ni kusafirisha baiskeli kwa treni.

Reli ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, katika enzi ya Wajerumani, umbali wa kilometa 352. Chini ya utawala wa Waingereza iliendelezwa hadi Arusha mwaka 1929, na baada ya Uhuru, mwaka 1963, iliunganishwa na Reli ya Kati, hata ikawezekana kusafiri kwa treni kutoka Moshi hadi Dar es Salaam. Baadaye huduma ya abiria ilidhoofika, na katika miaka ya 1990 ikakoma kabisa. Kwa zaidi ya miaka 20 stesheni zetu zilikaa kimya, majani yakaota kati ya mataruma, na watoto wakakua bila kuiona treni ya abiria. Mwezi Desemba 2019 treni hiyo ilirudi Moshi, na mwaka 2020 ikafika tena Arusha. Ni jambo la kushukuru. Lakini kushukuru hakutuzuii kuuliza: treni iliyorudi yamfaa nani, na kwa kiasi gani?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kuitazama ardhi yetu. Reli haipandi mlima. Inapita chini tambarare, kutoka Same hadi Kahe na Moshi, hali sehemu kubwa ya watu wetu wanaishi juu, Marangu, Kilema, Uru, Kibosho na Machame. Familia nyingi zina kihamba huko juu, penye migomba na kahawa, na shamba la mahindi au maharage huko chini. Maisha yetu ni ya kushuka na kupanda. Majani ya ng'ombe na mabua hutoka tambarare kwenda kwa ng'ombe wa zizini mlimani, na mikungu ya ndizi hushuka kwenda sokoni. Huko chini kabisa, Mabogini, Chekereni na Kahe, penye mpunga na miwa, barabara ni tambarare, na baiskeli ni mguu wa pili wa mtu maskini. Ndiyo inayobeba gunia la mpunga kwenye keria, madumu ya maziwa, mgonjwa wa kwenda zahanati, na vifaa vya fundi anayefuata kazi alikosikia ipo.

Sasa tufanye hesabu nyepesi. Mtu atembeaye kwa miguu huenda kama kilometa 5 kwa saa. Mwenye baiskeli, mahali pa tambarare, huenda kama kilometa 15. Kwa hiyo, ikiwa watu wako tayari kutumia saa moja kufika stesheni, baiskeli huipeleka huduma ya stesheni hiyo mbali mara 3, na eneo linalofikiwa pande zote huongezeka mara 9. Serikali haikujenga barabara mpya, wala Shirika la Reli halikuongeza stesheni hata moja; chombo cha bei nafuu kimeifanya kazi hiyo. Lakini faida hiyo hukatika upande wa pili wa safari iwapo baiskeli haikupanda treni pamoja na mwenyewe. Anayeshuka Korogwe au Same bila baiskeli yake amekuwa mtembea kwa miguu tena, au mteja wa bodaboda, na huenda akamlipa bodaboda fedha nyingi kuliko alizozipunguza kwa kuchagua treni.

Hapo ndipo haki inapoingia. Pale ambapo kanuni na nauli ya baiskeli haikubandikwa mahali pa kusomeka, anayeamua ni yule aliyesimama mlangoni siku hiyo. Leo ataruhusu, kesho atakataa. Huyu atalipishwa kiasi hiki, na mwingine kiasi kingine. Mwenye elimu na sauti atabishana hata apite. Mama wa kijijini, aliyekuja na baiskeli ya mwanawe na hajui amwulize nani, ataondoka kimya. Kanuni isiyojulikana humwumiza kwanza yule asiye na mtu wa kumsemea, na pesa isiyo na stakabadhi huwafundisha wote wawili, anayetoa na anayepokea, tabia mbaya.

Twatambua kwamba wafanyakazi wa reli nao wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Baiskeli ni mzigo wenye pembe: usukani huwachoma watu, pedali hukwaruza masanduku, na mnyororo wenye grisi huchafua nguo za jirani. Ikiwekwa njiani ndani ya behewa huweza kuziba mlango wakati wa hatari. Katika stesheni ndogo treni husimama dakika chache tu, na kila baiskeli inayopakiwa hula muda. Mambo haya ni ya kweli. Lakini yanatutaka tutafute utaratibu, wala hayatoshi kuwa sababu ya kufunga mlango.

Wenzetu katika nchi nyingine wamekwisha kupambana na tatizo hili. Mjini Copenhagen, Denmark, treni za mjini zilianza kubeba baiskeli bila malipo mwaka 2010, na mabehewa yakatengewa nafasi maalumu kwa ajili hiyo. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2021, iliyoanza kutumika Juni 2023, inayotaka treni mpya na zile zinazofanyiwa matengenezo makubwa ziwe na nafasi zisizopungua 4 za baiskeli. Tuone jambo hili vema: hata katika nchi zenye utajiri mwingi, nafasi ya baiskeli haikuachwa iwe hisani ya kampuni za reli, bali iliwekwa katika sheria.

Somo hilo latuhusu sasa. Tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zinasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mpango wa reli ya namna hiyo kutoka Tanga kupita Moshi na Arusha hadi Musoma umetajwa kwa miaka mingi. Behewa likishaundwa hutumika miaka 30 au zaidi. Kama wabunifu wake walimfikiria msafiri mwenye begi peke yake, mkulima wa Kahe atakaa nje ya hesabu kwa kizazi kizima. Wakati wa kusema ni kabla ya chuma kukatwa.

Basi, twaomba mambo matatu. Kwanza, kanuni na nauli ya baiskeli ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika kila stesheni, ndogo na kubwa. Pili, kila baiskeli inayopokelewa ipewe stakabadhi na kibandiko chenye namba, ili ikipotea au ikivunjika ijulikane nani wa kuwajibika. Tatu, mabehewa mapya yatakayonunuliwa yawe na mahali pa kutundika baiskeli, hata kama ni chache kwa kuanzia.

Nasi tunao wajibu wetu. Mwenye baiskeli afike mapema, aifute matope, aufunike mnyororo, ageuze usukani ulale sambamba na fremu, aandike jina lake, na alipe nauli halali akidai stakabadhi. Asiyetimiza wajibu huu huwapa wengine sababu ya kumkatalia jirani yake.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na halmashauri za walei, jambo hili lianzie kwenu. Waulizeni watu katika jumuiya zenu: ni nani husafiri kwa treni, ni nani angependa kwenda na baiskeli, na amekutana na kizuizi gani? Andikeni majibu yao kwa ukweli, bila kuongeza chumvi. Yapelekeni katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa diwani na mbunge, na kwa stesheni masta. Zaidi ya hayo, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, husimamia reli pia, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa huduma hizo kwa ajili ya kusikiliza wasafiri. Barua moja yenye sahihi za watu 40 wa kijiji kimoja ina uzito kuliko manung'uniko ya watu 1,000 chini ya migomba.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mwenye baiskeli hayupo katika vikao ambamo mabehewa huchaguliwa. Basi, barua zenu na zimtangulie huko.